Kupa, Kutoa na Kupeana: Somo la Zawadi za Krismasi

Makala yangu ya mwaka huu ni ya somo, nayo ilianza na kalamu nyekundu. Tulipewa insha yenye kichwa "Krismasi Nyumbani Kwetu". Mimi nikaandika: "Siku hiyo babu alipeana zawadi kwa wajukuu wote." Mwalimu akaipigia mstari sentensi yangu na kuniuliza pembeni: "Alipeana na nani?" Alama ikaenda. Nilinuna, kusema kweli. Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani, na leo nataka tulijibu pamoja.

1. Kosa liko wapi?

Kitenzi "-pa" ni cha silabi moja, tena hakikubali kusimama bila kumtaja anayepokea. Tunasema nampa, alinipa, tutawapa. Ukisema "babu alipa" msikilizaji atadhani babu analipa deni dukani! Ikiwa humtaji mpokeaji, tumia "toa". Nacho kiambishi "-ana" ni cha kutendana, kama vile katika pendana, saidiana na salimiana. Kwa hivyo kupeana kunahitaji pande mbili, kila upande umpe mwenzake. Huku mtaani tumezoea "amepeana pesa" na "peana hicho kitabu", na watu wanaelewana vizuri tu, lakini kwenye mtihani utalia. Tazama mifano hii:

(a) Babu alitoa zawadi. (Sahihi)
(b) Babu aliwapa wajukuu zawadi. (Sahihi)
(c) Wajukuu walipewa zawadi na babu. (Sahihi)
(d) Babu alipeana zawadi. (Kosa)
(e) Babu na wajukuu walipeana zawadi. (Sahihi, ikiwa wajukuu nao walimpa babu kitu)

Huo mfano wa (e) ndio ulioninyima usingizi. Je, sisi wajukuu humpa babu nini?

2. Si kila kinachotolewa ni zawadi

Kiswahili kina majina mengi ya vitu vinavyotolewa, na kila jina lina mahali pake.

Bahashishi ni pesa anazopewa mtu aliyekuhudumia vizuri, juu ya mshahara wake. Ndugu zetu wanaofanya kazi katika hoteli za Diani wanaijua sana, hasa Desemba watalii wanapojaa.

Mkono wa Idi ni pesa au kitu kidogo anachopewa mtoto siku ya Idi. Hapa Kwale Waislamu ni wengi, na sisi watoto wa Kikristo pia tumeupokea mara nyingi kutoka kwa majirani.

Sadaka hutolewa kwa ajili ya Mungu. Hongo hutolewa ili mtu apate upendeleo asiostahili, hata ikifungwa kwa karatasi nzuri na kuitwa chai.

Tunu ni kitu cha thamani au kilicho adimu, ambacho mtu hukitunza.

Hiba ni kitu anachopewa mtu kwa mapenzi, mtoaji akiwa hai. Hapo ndipo inapotofautiana na urithi, kwa sababu urithi husubiri mwenyewe afe.

Shika maneno hayo mawili ya mwisho, tutayarudia.

3. Desemba ya kwetu

Shule zikifungwa, wajukuu wa babu huanza kukusanyika mmoja mmoja. Wa Nairobi huja kwa basi au kwa treni hadi Mombasa, kisha huvuka feri ya Likoni na kupanda matatu ya Ukunda. Nyumba ya vyumba viwili hulala watu kumi na watatu. Embe zinaanguka zenyewe, na korosho zinaokotwa. Bei ya kuku sokoni hupanda, na kila mtoto anauliza jambo moja tu: nguo za Krismasi zitanunuliwa lini?

Kuku wetu huchinjwa na jirani Mwislamu. Babu hupenda iwe hivyo ili chakula chetu kiweze kuliwa na mtaa mzima. Baada ya pilau kuiva, sisi watoto hutumwa na sahani zilizofunikwa, hii kwa Mama fulani, ile kwa Mzee fulani. Na wewe unajua desturi ya pwani, sahani ya jirani hairudi tupu. Itarudi na kaimati, au ndizi, au hata limau tatu. Hapo neno "kupeana" liko mahali pake kabisa.

4. Zawadi ya mwaka 2017

Sasa nieleze kilichonifanya niandike ile sentensi. Babu yangu ni Mmakonde. Wamakonde asili yao ni kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Tanzania, na walianza kuja Kenya tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Baba yake babu alikuja hivyo. Babu mwenyewe alizaliwa papa hapa, akakata miwa ya kiwanda cha Ramisi mpaka kilipofungwa mwaka 1988. Baada ya hapo akashika tezo na patasi, akawa mchongaji.

Lakini hakuwa na kitambulisho. Serikali haikuwatambua Wamakonde kama raia, ingawa wengi walizaliwa hapa. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lako, wala kuandikwa kazi ya maana. Babu akiuza kinyago, pesa zilitumwa kwa simu ya mtu mwingine. Zilifika zikiwa pungufu, naye angeshtaki wapi?

Mnamo Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais. Babu alikuwemo, na magoti yake yale mabovu. Rais Uhuru Kenyatta alikutana nao, akaagiza wapewe vitambulisho ifikapo Desemba ya mwaka huo. Februari 2017 Wamakonde wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Krismasi iliyofuata nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimeahidiwa viatu vyekundu. Asubuhi babu alituita barazani, akatugawia kila mmoja kijiko alichokichonga mwenyewe. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akakikunjua polepole, ndani yake mna kitambulisho. Akakizungusha mkono kwa mkono. Akasema, "Zawadi yenu kubwa ndiyo hii. Nimewapa nyinyi." Kisha akanitazama, "Na wewe mke wangu, mbona umenuna?"

Mimi nililia. Ati kadi! Kadi yenyewe ina picha ya babu, si yangu. Nilikitupa kile kijiko chini ya mwembe. Mama alinitia kofi, lakini babu akamkataza, akaenda kukiokota mwenyewe, akakipangusa mchanga.

Ilichukua miaka kadhaa kuelewa. Mama pia alipata kitambulisho wakati ule, na kwa sababu hiyo nikatafutiwa cheti cha kuzaliwa, ambacho shuleni tulikuwa tunadaiwa kila muhula. Mwaka 2023 nilisajiliwa kufanya KCPE bila wasiwasi, ile ya mwisho kabisa kufanywa nchini. Na nikifika miaka kumi na minane nitaomba kitambulisho changu nikiwa na karatasi za wazazi mkononi. Viatu vyekundu vingekuwa vimekwisha zamani. Kumbe babu alitupa hiba, na hiba yenyewe ni tunu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

5. Jibu la swali la mwalimu

Basi, alipeana na nani? Mwaka 2017 hakupeana na mtu. Alitoa peke yake, na mmoja wa wapokeaji alitupa zawadi mchangani. Mwalimu alikuwa na haki ya kunikata alama.

Desemba iliyopita niliuza embe na korosho nikaweka akiba kidogo kidogo. Nilienda Ukunda nikamnunulia babu tupa moja na karatasi sita za msasa, maana alikuwa anasugua vinyago kwa kipande kilichokwisha makali. Pia nilimsomea ujumbe wote wa simu yake, ambayo sasa imesajiliwa kwa jina lake, nikamwonyesha pesa zilizoingia na zilizotoka. Alishika ule msasa, akaupitisha kidoleni, akacheka. "Mke wangu leo amenilipia mahari!" Halafu akaingia ndani, akatoka na kile kijiko changu cha mwaka 2017. Alikuwa amekiweka muda wote huo. Nacho sikukitupa tena.

Kwa hivyo, mwalimu wangu mpendwa, naomba niandike upya sentensi yangu: "Siku hiyo babu na mjukuu wake walipeana zawadi." Nadhani sasa itapita.

Zoezi kwa msomaji

1. Sahihisha: "Nyanya alipeana nguo kwa wajukuu."
2. Eleza tofauti kati ya hiba na urithi, na kati ya bahashishi na hongo.
3. Tunga sentensi moja ya kweli kuhusu babu au nyanya yako ukitumia neno "tulipeana". Ukishindwa kuitunga, Desemba bado inakuja.