Swali na Jibu: Oili ya Datsun 240Z Inavujia Wapi?

SWALI: Datsun 240Z niliyoachiwa na marehemu baba inadondosha oili kila usiku. Fundi anataka kushusha giaboksi abadilishe sili ya nyuma ya kranki. Nikubali?
Msomaji, Kibuyuni, Kwale

JIBU: Usikubali bado.

Aina hii ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, kwa hiyo injini yake ya silinda 6 si dhaifu. Kinachochoka ni gasketi: miaka 50 ya joto huzikausha zikawa ngumu kama kifuu. Tena oili hudanganya. Huteremka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma, hivyo tone linaloangukia karibu na giaboksi huenda limetoka juu kabisa, kwenye kifuniko cha vali.

Injini ioshwe kwa dawa ya kutoa grisi, kabureta na distributa zikiwa zimefunikwa, ikaushwe, kisha inyunyiziwe poda ya mtoto. Gari liendeshwe hadi Lunga Lunga na kurudi. Poda iliyolowa mahali pa juu zaidi ndiyo chanzo. Wa kushukiwa mapema ni gasketi ya kifuniko cha vali, swichi ya presha ya oili, na pampu ya petroli iliyofungwa kwenye hedi. Bomba la kupumulia la injini nalo likaguliwe. Likiziba, presha husukuma oili hata kupitia sili nzima.

Juu pakiwa pakavu na poda imelowa tu kwenye kiungo cha injini na giaboksi, hapo fundi ana haki ya kuishusha.