Buibui Mkubwa Anapovua Ngozi

1. Mfupa ulio nje

Kila kiumbe chenye uhai hukua. Mtoto hukua, na mifupa yake hukua pamoja naye ndani ya mwili. Kaptura ya mwaka jana humbana, naye hushonewa nyingine. Lakini ngozi yake haimbani, kwa maana hukua polepole pamoja na mwili.

Wadudu, kaa na buibui hawako hivyo. Hawana mfupa hata mmoja ndani ya mwili. Mfupa wao uko nje: ni ngozi ngumu iwafunikayo pande zote, kama vazi la chuma la askari wa zamani. Ngozi hiyo huwalinda, tena hushikilia nyama za mwili. Lakini ina shida moja: haikui. Mwili ukiongezeka, ngozi huwa ndogo. Basi hapana budi mnyama aivue, atoke na ngozi mpya iliyo pana zaidi.

Watoto wengi wameona ganda la panzi limeshika juu ya jani. Lina miguu na macho, lakini ndani ni tupu. Panzi mwenyewe hakufa. Alitoka akaenda zake. Buibui naye hufanya vivyo hivyo. Akiwa mdogo huvua ngozi mara nyingi, pengine kila baada ya wiki chache. Akiwa mzima huvua mara moja kwa mwaka, au hukaa hata zaidi ya mwaka. Kila mara ni siku ya hatari kwake.

2. Buibui mwenye magoti mekundu

Watu wa Ulaya na Amerika humwita buibui mkubwa mwenye manyoya kwa jina la tarantula. Jina hilo latoka katika mji wa Taranto, kusini ya Italia. Zamani watu wa huko walimwita hivyo buibui mwingine, wa jamii ya wale wawindao kwa kukimbia. Baadaye Wazungu walipofika Amerika waliona buibui wakubwa zaidi, wakawapa jina lile lile.

Mmoja wao hutoka nchi ya Meksiko, upande wa bahari ya Pasifiki. Mwili wake ni mweusi, na kwenye magoti ya miguu yake minane ana alama nyekundu, kama rangi ya chungwa lililoiva sana. Kwao hukaa shimoni, kati ya mawe na mizizi, naye hungoja usiku ili akamate wadudu. Jike huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Dume hafikii umri huo.

Kwa kuwa ni mzuri wa kutazama, na si mkali sana, watu wengi walitaka kumfuga. Wengi mno walikamatwa porini. Ndiyo sababu, tangu mwaka 1985, mataifa yamepatana kwamba asiuzwe kutoka nchi hata nchi bila hati ya serikali.

Mfugaji humweka katika sanduku la kioo lenye kifuniko. Ndani hutia udongo, kipande cha gome la mti pa kujificha, na kisahani cha maji. Humlisha nyenje na mende. Kazi hiyo si ngumu. Kazi ngumu ni kujua siku ambayo haifai kumlisha wala kumgusa.

3. Dalili

Buibui hasemi, lakini mfugaji mwenye macho huona.

Kwanza, hukataa kula. Nyenje hupita mbele yake naye hamwangalii. Huweza kukaa bila chakula kwa wiki nyingi, hata miezi, wala si ugonjwa.

Pili, rangi yake hufifia, naye hutembea kidogo tu.

Tatu, tumbo lake huonyesha alama. Buibui huyu akiogopa hujikuna tumbo kwa miguu ya nyuma na kurusha vinywele vidogo viwashavyo. Kwa hiyo pengine tumbo lina upara. Siku za kuvua zikikaribia, upara huo hugeuka mweusi, kwa sababu ngozi mpya yenye nywele mpya imekwisha kuota chini ya ile ya zamani.

Mwisho, hutandaza uzi wake juu ya udongo, uzi juu ya uzi, hata ukawa kama mkeka mweupe. Hicho ndicho kitanda chake. Kisha hulala chali juu yake, miguu juu.

4. Amekufa, au yu hai?

Mtu asiyejua akimwona amelala hivyo hudhani amekufa. Wengine wamewatupa buibui wao wakiwa hai. Lakini iko njia ya kupambanua.

Katika viungo vikubwa vya miguu yake, buibui hana nyama za kunyosha. Ana nyama za kukunja tu. Hunyosha mguu kwa kusukuma damu ndani yake, kama maji yanyoshavyo mpira wa bustani. Akifa, damu haisukumwi tena; basi miguu hujikunja chini ya mwili kama vidole vya mkono uliofumbwa. Buibui aliyelala chali na miguu imetandaa hajafa. Yuko kazini.

5. Usiku mmoja katika nyumba moja

Huu ni mfano. Katika nyumba moja ya Ubelgiji, mvulana wa miaka 10 na dada yake mkubwa walifuga buibui wa Meksiko. Kwa wiki tano buibui hakula. Jioni moja mvulana alitazama ndani ya kioo, akapiga kelele:

“Dada, njoo upesi! Buibui wetu amekufa!”

Akanyosha mkono afungue kifuniko.

“Ngoja, mdogo wangu,” dada akasema. “Tazama miguu yake. Je, imejikunja chini ya mwili?”

“La. Imetandaa.”

“Basi hajafa. Anavua ngozi.”

Mvulana alifurahi. Lakini dada alikuwa ameona jambo jingine, na uso wake ulibadilika. Chini ya gome palikuwa na nyenje, mzima na mwenye njaa.

“Nani amemtia huyu?”

“Mimi, asubuhi,” mvulana akajibu kwa sauti ndogo. “Nilifikiri labda leo atakula.”

Nyenje alitoka chini ya gome. Alikwenda polepole hata ukingo wa mkeka wa uzi, akagusa mguu wa buibui kwa vipapasio vyake. Buibui hakuweza kukimbia, wala kuuma, wala hata kujigeuza. Siku nyingine yeye ndiye mla nyenje. Usiku ule nyenje angeweza kumla yeye.

Mvulana alitaka kulipiga sanduku ili nyenje aogope. Dada akamshika mkono. Alifungua kifuniko taratibu, akashika koleo ndefu na nyembamba, akangoja. Nyenje alipopiga hatua tatu mbali na mkeka, dada alimbana, akamtoa. Sanduku halikutikisika.

“Sasa tumsaidie kuvuta ile ngozi,” mvulana akasema.

“La! Miguu yake sasa ni laini mno. Ukivuta ngozi, utang’oa mguu. Kazi yetu imekwisha. Iliyobaki ni yake.”

Wakazima taa, wakaondoka kwa miguu ya polepole.

6. Kazi ya buibui

Gizani kazi iliendelea. Moyo wa buibui, ulio katika tumbo, husukuma damu nyingi kwenda sehemu ya mbele. Tumbo hupungua, na sehemu ya mbele huvimba. Ngozi ya zamani hushindwa. Kifuniko cha mgongo hupasuka kando kando, kikafunguka kama kifuniko cha sanduku. Kisha ngozi ya tumbo hupasuka nayo.

Sasa buibui huvuta miguu yake, yote minane pamoja, kidogo kidogo, kama mtu avuavyo soksi iliyobana. Husukuma, hupumzika, husukuma tena. Kati ya ngozi mbili mna maji maji yalainishayo, nayo humsaidia kuteleza. Hewa ikiwa kavu mno, au kiu ikiwa imempata siku za nyuma, kazi huwa ngumu. Mguu huweza kunasa. Ndiyo sababu kisahani cha maji hakipungukiwi wakati wowote.

Tena havui ngozi ya nje tu. Huvua pia ngozi ya meno yake, ya ndani ya kinywa, ya kifuko anyonyeacho chakula, na ya mapafu. Buibui mchanga huweza kumaliza katika nusu saa. Mkubwa huhitaji saa nyingi.

Asubuhi mvulana alipotazama, alishangaa: sandukuni mlikuwa kama buibui wawili! Mmoja alikuwa mtupu, ngozi tu. Wa pili alikuwa mweusi wa kung’aa, na magoti yake mekundu kuliko zamani.

7. Siku za baadaye

Wengine hudhani hatari imekwisha. Bado. Ngozi mpya ni laini, na meno ya sumu ni meupe kama maziwa. Yakijaribu kuuma, yataharibika. Siku zikipita, meno hugeuka mekundu, kisha meusi. Ndipo yamekuwa magumu. Mfugaji humpa buibui mchanga siku kadhaa, na mkubwa wiki mbili hivi au zaidi, kabla ya kumtilia nyenje wa kwanza.

Liko jambo jingine la ajabu. Buibui aliyepoteza mguu huota mwingine wakati wa kuvua ngozi. Mara ya kwanza mguu mpya huwa mfupi na mwembamba. Akivua tena, hukua, hata ukalingana na mingine. Kwa hiyo siku ya hatari ndiyo pia siku ya kupona.

8. Sheria za mfugaji mwema

1. Buibui akikataa chakula, mfugaji humwondolea nyenje na mende wote.
2. Huweka maji safi katika kisahani, wala hamnyunyizii buibui maji mwilini.
3. Akimwona amelala chali, hamgeuzi, hamgusi, wala hasogezi sanduku.
4. Havuti ngozi ya zamani. Huiondoa baadaye, buibui akiwa amekwisha kuwa mgumu.
5. Halishi tena mpaka meno yawe meusi.
6. Akishika ngozi ile au udongo wa sanduku, hanawi uso kwanza, bali mikono. Maana vile vinywele huwasha ngozi, na machoni hudhuru sana.

9. Buibui wa Afrika

Katika Afrika pia wako buibui wakubwa wa jamii hii, wakaao mashimoni. Hawana vinywele vya kurusha, lakini ni wakali, na kuuma kwao huleta maumivu makubwa. Mtoto mwenye akili hatii mkono wala kijiti katika shimo lenye uzi mlangoni. Akikuta mlango umezibwa kwa uzi, na akumbuke: labda ndani mwenyewe amelala chali, anavua ngozi, naye hawezi kujilinda. Na amwache.

Kusaidia si kushika kila kitu kwa mikono. Mara nyingine msaada ni kuondoa adui, kuweka maji karibu, na kungoja kwa saburi.

Maneno

Gome: ngozi ya mti.
Nyenje: mdudu aliaye usiku, arukaye kama panzi.
Chali: kwa mgongo, uso juu.
Vipapasio: nyuzi mbili kichwani mwa mdudu, za kupapasia.
Koleo: chombo cha kubania kitu.
Saburi: uvumilivu, kungoja bila kunung’unika.

Maswali

1. Mfupa wa buibui uko wapi? Kwa nini huleta shida akikua?
2. Taja dalili tatu za buibui aliye karibu kuvua ngozi.
3. Utapambanuaje buibui aliyekufa na buibui avuaye ngozi?
4. Mvulana alikosa nini asubuhi ile? Dada aliokoaje maisha ya buibui?
5. Kwa nini dada hakukubali wavute ngozi?
6. Meno ya buibui hupita rangi gani tatu? Kila rangi yaonyesha nini?
7. Jina “tarantula” latoka wapi?

Zoezi

Tafuta ganda la panzi au la nyenje katika majani. Litazame vizuri: limepasukia wapi? Lichore katika daftari, kisha andika sentensi tano juu yake.