MOYO WA KUJIFUNZA

Mwanafunzi asiyejua kwa nini anasoma ni kama mpagazi asiyejua mzigo wake unakokwenda. Kila hatua humlemea. Lakini ajuaye ni nani anayeungoja mzigo ule hujitwika tena kila asubuhi.

Magharibi ya Mpanda, kando ya Ziwa Tanganyika, uko mji wa Karema. Huko aliishi tabibu Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, karibu na mto Niger. Angali mtoto aliibwa, akauzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamtia shuleni. Kisha alipelekwa kisiwa cha Malta kujifunza utabibu, kwa lugha isiyokuwa ya mama yake, akasoma miaka mingi. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu huko hata alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Aliyeuzwa kama bidhaa akawa mtu wa kungojewa na wagonjwa. Elimu yake ilikuwa na watu wa kuipokea.

Basi, ni kitu gani kimtiacho mwanafunzi moyo darasani?

Kwanza, aone faida. Mtoto wa mrina asali wa Mpanda akifundishwa kupima na kugawanya kwa asali ya baba yake, huona mara moja kwamba ajuaye hesabu hapunjwi na mnunuzi.

Pili, apande ngazi kwa ngazi. Apewe kwanza hesabu anayoiweza, kisha ile iizidiyo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, kukosa kusiwe aibu. Darasa limchekalo aliyekosa humfunga kinywa. Kesho hatajibu, hata kama ajua. Fimbo yaweza kumkalisha mtoto kimya, bali haiwezi kumpendeza kitabu. Mwalimu mwema humwuliza, "Umefikaje hapa?" ili waone pamoja kosa lilipoanzia. Tena humsifu kwa bidii, si kwa akili, maana aliyezoea kuitwa mwenye akili huogopa kujaribu lililo gumu.

Nanyi wanafunzi mnayo sehemu yenu. Mwenzenu akikwama, msimpe jibu. Mwonyesheni hatua moja, kisha mwacheni aendelee mwenyewe.

MASWALI
1. Atiman alifanya kazi Karema miaka mingapi?
2. Kwa nini si vema kumcheka aliyekosa?
3. Taja somo moja unalojifunza, na mtu mmoja wa kwenu atakayefaidiwa nalo.