Somo la Picha: Lenzi na Dirisha Visipopatana

Wanafunzi, pamoja nanyi ndugu mliokwisha maliza masomo, kila mwisho wa mwaka wa shule hapa Bujumbura watu hujipanga mstari wapigwe picha ya ukumbusho. Picha hiyo hupelekwa nyumbani, hutundikwa ukutani na kuonyeshwa wageni. Aliyekatwa ukingoni hana la kuwaonyesha wazazi wake, na mstari ule haukusanyiki tena. Basi yampasa mpiga picha kujua kwa hakika nani yumo na nani hayumo kabla hajabonyeza.

Simu humwonyesha mtu kile kile itakachokipiga. Lakini mimi, kama wenzangu wachache, napenda bado kamera za filimu zenye kipima-umbali. Katika kamera hizi hutazami kupitia lenzi. Watazama kupitia dirisha dogo lililo juu yake, upande mmoja. Katikati ya dirisha kitu huonekana mara mbili. Ukizungusha lenzi mpaka taswira mbili ziwe moja, umbali umepatikana. Kando yake kuna mistari myeupe ya pande nne, nayo ndiyo mpaka wa picha.

Hapo ndipo penye mtego. Mistari hiyo hutiwa kiwandani kwa lenzi chache tu. Leica M3, iliyotoka mwaka 1954, ina mistari ya lenzi za milimita 50, 90 na 135. Lenzi ya milimita 40, iliyotengenezwa kwa ajili ya Leica CL ya mwaka 1973, ukiifunga kwenye M3 huleta mistari ya 50. Umbali utapimika sawasawa na picha itatoka safi, lakini mpaka uliouona si mpaka wa kweli.

Tarakimu hizo ni urefu wa fokasi, yaani umbali kati ya lenzi na filimu unapoelekeza kamera kwenye kitu cha mbali sana, kama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kadiri urefu huo unavyozidi, ndivyo lenzi inavyochukua upana mdogo. Filimu yenyewe ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kwa hiyo kanuni ni hii: zidisha umbali wa watu kwa 36, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi. Jibu ni upana utakaoingia.

Watu wakiwa mita 5 mbele yako:
Lenzi ya 35 huchukua mita 5.1.
Lenzi ya 40 huchukua mita 4.5.
Lenzi ya 50 huchukua mita 3.6.
Lenzi ya 90 huchukua mita 2.

Sasa tuseme watu kumi wamesimama bega kwa bega, kila mmoja nusu mita; mstari una mita 5. Ukiwa na lenzi ya 50 lakini ukafuata mistari ya 35, utawaona wote kumi dirishani, na filimu itachukua saba tu. Ukiwa na lenzi ya 35 ukafuata mistari ya 50, utarudi nyuma kupita kiasi. Watu watakuwa wadogo, lakini wote watakuwamo. Makosa haya mawili hayalingani. Picha yenye nafasi ya ziada hukatwa baadaye. Mtu aliyeachwa nje harudishwi. Basi ikiwa huna mistari ya lenzi yako, fuata ile ya lenzi ndefu zaidi, usifuate ya fupi.

Ipime lenzi yako kabla ya siku yenyewe. Chora alama za chaki ukutani, kila nusu mita. Weka kamera isiyo na filimu juu ya meza, mita 5 kutoka ukutani, fungua mgongo wake, na mahali pa filimu weka karatasi nyembamba ya kunakilia ramani. Acha lenzi wazi, jifunike kitambaa, uhesabu alama. Zitaonekana juu chini, lakini hazisemi uongo. Kisha tazama dirishani, ukariri tofauti.

Na zoezi ni hili. Darasa limekwenda Mugere, kusini ya mji, kwenye jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wanafunzi wanane wamesimama mbele yake, mstari wa mita 4. Lenzi ni ya 40. Usimame wapi? Geuza kanuni: 4 mara 40, gawanya kwa 36, utapata mita 4.4. Hapo wa kwanza na wa mwisho wagusa ukingo. Rudi hadi mita 5, na kila upande utabaki na nafasi ya robo mita. Sasa fanyeni wenyewe kwa lenzi ya 50.