Homa Isiyokoma na Mifugo ya Nyumbani

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, familia nyingi hufuga ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Ng'ombe mmoja au wawili na mbuzi wachache hufungiwa bandani na kukatiwa majani, nao huipatia familia maziwa, samadi na fedha za ada ya shule. Banda huwa hatua chache tu kutoka jikoni. Ukaribu huo una faida nyingi, lakini ndio pia njia ambayo baadhi ya maradhi hupita kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu.

Mojawapo ni bruselosi, ambayo wafugaji huijua kama ugonjwa wa kutupa mimba. Husababishwa na bakteria waliogunduliwa na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, kisiwani Malta mwaka 1887.

Namna unavyoenea

Mnyama aliyeambukizwa huweza kuonekana mzima kabisa. Dalili iliyo wazi zaidi ni kutupa mimba, hasa katika miezi ya mwisho. Bakteria hujaa katika maji ya uzazi, kondo la nyuma na kijusi, na hutoka pia katika maziwa. Binadamu huambukizwa anapokunywa maziwa mabichi au mtindi wake, anapomzalisha mnyama kwa mikono mitupu, au anapovuta hewa yenye bakteria bandani.

Dalili kwa binadamu

Kwa kawaida dalili huanza wiki mbili hadi nne baada ya maambukizi, na pengine miezi kadhaa: homa inayopanda na kushuka, jasho jingi usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Korodani huweza kuvimba, na mjamzito huweza kupoteza mimba. Usipotibiwa, ugonjwa huweza kudhuru uti wa mgongo na moyo.

Dalili hizi hufanana na za malaria. Katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini ni 14 tu ambao homa yao ilitokana nayo. Miongoni mwa maradhi yaliyobainika ni bruselosi, homa ya mgunda na homa ya Q, yote yatokayo kwa wanyama.

Kwa mhudumu wa afya

Kipimo cha malaria kisipoonyesha vimelea na homa ikaendelea, mgonjwa aulizwe: Nyumbani mnafuga nini? Je, kuna mnyama aliyetupa mimba karibuni, na nani alimhudumia? Maziwa huchemshwa? Majibu hayo huonyesha kama kipimo cha damu cha bruselosi kinahitajika. Tiba ya kawaida ni antibiotiki mbili kwa pamoja, kwa wiki 6. Wajawazito na watoto wadogo huchaguliwa dawa zinazowafaa. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba homa hukoma kabla bakteria hawajaisha, na kwamba anayeacha dawa njiani huweza kuugua tena.

Kwa familia inayofuga

1. Maziwa yote yachemshwe, hata ya kugandisha. Yakishapoa yatiwe kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa; yataganda vizuri.

2. Mnyama anayezaa au kutupa mimba ahudumiwe kwa glavu, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Wajawazito na watoto wakae mbali. Kondo la nyuma na kijusi vichomwe au vifukiwe shimo refu, mbwa wasivifikie.

3. Afisa mifugo aitwe ili mnyama apimwe. Kumuuza kwa jirani ni kuuhamishia ugonjwa nyumba nyingine.

4. Mwenye homa isiyokoma amweleze mhudumu wa afya habari za mifugo yake, hata asipoulizwa.