Boti ya okazio: bei yake ya haki tunaipata namna gani?



Koperative za Minova, Kalehe na Idjwi zinatuuliza swali moja: boti ya okazio yenye motere, bei yake ya haki ni ngapi? Sisi ni watu wa mbegu na mbolea, lakini kitunguu kikilala siku tatu ku bandari kikingoja nafasi, kazi ya shamba imepotea. Njo maana somo la leo ni la boti.

Boti nyingi zinaonyeshwa hapa Goma, kwenye ufuko wa Himbi. Muuzaji anataja bei moja kwa kila kitu. Ninyi igawanyeni mara moja: mwili wa boti bei yake, motere bei yake. Rangi mpya ya bluu isiwadanganye, rangi ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Kwa mwili, chukueni kisu chembamba. Chomeni mbao pale zinapoungana, na zaidi chini, kwenye uti wa boti, mahali maji yanatuama. Kisu kikiingia kama kwenye ndizi mbivu, ule ubao umeoza na lazima utoke. Kisha iacheni boti ndani ya maji usiku mzima bila mtu kuichota, asubuhi muangalie imeingiza maji kiasi gani. Kidogo ni kawaida kwa boti ya mbao. Ikifika kwenye magoti, muende zenu. (Boti ikiwa imepandishwa nchi kavu, msilale chini yake kwenye shimo la mawe ya volkano asubuhi mapema. Upande wa magharibi wa Goma kuko mazuku, na ile hewa inakaa chini.)

Motere ndiyo inakula pesa. Fikeni bila kutangaza saa, na kitu cha kwanza muweke mkono juu yake. Ikiwa na joto, muuzaji ameiwasha mapema juu ya kuficha kwamba inakataa kuwaka ikiwa baridi. Rudini kesho yake. Ikiwaka, muangalie kama inatoa maji ya kupoza, mfululizo, tangu dakika ya kwanza. Mfungue oili ya giya kule chini: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mekanisiye wenu, si wa muuzaji, apime kompresiyo ya kila silinda. Moja ikipungukiwa na nyingine kwa zaidi ya asilimia 10, kuko shida ndani. Chumvi nyeupe kwenye bulo inaonyesha motere ilifanya kazi baharini, na hiyo inapunguza bei. Namba ya motere isomeke vizuri na iwe sawa na ile ya fakitire. Namba iliyokwanguliwa, hapana, hata kama bei ni tamu.

Bujie nyeusi yenye masizi isiwatishe haraka. Ziwa Kivu liko kwenye mita karibu 1 460, hewa ni nyepesi, na motere isiyorekebishwa inapokea esansi mingi kuliko hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, motere ya nguvu 40 inavuta huku kama ya 34 hivi. Anayewaambia «patron, hii ni 40, inabeba yote», hajahesabu.

Sasa mfano. Bei ni za kujifunza tu, mtie zenu. Muuzaji anaomba dola 4 000. Mwili mpya wa ukubwa ule, fundi angeutengeneza kwa 3 000. Huu umefika nusu ya maisha: 1 500. Motere mpya ni 3 600. Hii, kompresiyo ikiwa nzuri, tunaihesabu 1 500. Jumla 3 000. Toeni matengenezo: mbao na kalfati 250, elisi 120, jile za kuokolea 15 kwa dola 20, yaani 300. Yote 670. Bei ya haki ni 2 330.

Kisha muulize kama boti itajilipa. Magunia 25, safari mbili kwa juma, na mngelipa dola 4 kwa gunia: mnaokoa 200. Esansi 90, nahodha na mlinzi 40, akiba ya kutengeneza 30. Inabaki 40. Mkinunua kwa 2 330 na kutia zile 670, pesa inarudi kwa majuma 75. Mkikubali 4 000 pamoja na matengenezo, ni majuma 117, zaidi ya miaka miwili, na motere nzee ya temps mbili inaweza kufa mbele ya hapo. Wamama wa koperative ndio wanaweka dola moja moja kwenye kasha; waonyesheni hesabu hii kabla ya kupiga kura.

Kuna ujanja mmoja hatuukubali: kuongeza magunia na abiria ili hesabu itoke. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku, watu wakiiona kutoka ufukoni. Makumi ya watu walikufa. Kwa hiyo siku ya kujaribu, pakieni magunia ya mchanga kidogo kidogo, na msimamishe wakati ukingo unabaki sentimeta 40 juu ya maji. Pigeni pale mstari wa rangi nyekundu, pande zote mbili. Magunia yaliyoingia mpaka hapo ndiyo mtakayoandika kwenye hesabu. Yakiwa 18 badala ya 25, mnaokoa 144 kwa juma na matumizi ni 160: hiyo boti haijilipi kwa bei yoyote.

Mkikubaliana, msilipe yote siku moja. Toeni nusu mbele ya mashahidi na kwa karatasi, na nusu nyingine baada ya safari mbili na baada ya ofisi ya usafiri wa ziwa kubadilisha jina kwenye vyeti. Muuzaji akikataa safari mbili, muulizeni kwa nini.