Mwili ni wangu, kitanda je?

Swali: Naishi Mengo, Kampala. Kwa nini kukataa kwangu chanjo ya korona kuwe shauri la jirani?

Jibu: Mwili ni wako, ndugu, na haki hiyo naiheshimu. Lakini oksijeni ya hospitali ni ya wote. Juni 2021, wimbi la pili lilipoikumba Kampala, wodi zilijaa, oksijeni ikaadimika, na serikali ikafunga nchi kwa siku 42. Majeruhi wa bodaboda na mama anayejifungua kwa upasuaji hutegemea mitungi na wahudumu hao hao. Utasema aliyechanjwa naye huambukizwa. Kweli, ila chanjo hupunguza sana hatari ya kuzidiwa, na wanaozidiwa ndio wanaohitaji vitanda hivyo adimu. Tena wakati ule dozi zenyewe zilikuwa haba nchini, basi tusiwabebeshe wananchi lawama yote.

Je, mtu alazimishwe? Mapema 2022 Bunge lilijadili muswada wa kumtoza asiyechanjwa shilingi milioni 4 au kumfunga miezi 6. Naupinga: gereza lenye msongamano hueneza maradhi, na hofu humfukuza mtu kliniki. Wajibu wako unabaki pale pale hata bila askari mlangoni.